Gofu ya Kisahani: Chagua Draiva Inayolingana na Mkono Wako

Tuchukue mfano wa kikundi cha vijana 12. Kila mmoja anachanga shilingi 500, na mweka hazina anabaki na shilingi 6,000 mkononi. Wameona kwenye simu watu wakirusha visahani vya plastiki kuelekea kikapu chenye minyororo, wameupenda mchezo huo, na sasa wanataka kuagiza vifaa. Swali lao la kwanza ni rahisi kuuliza, na jibu lake ni rahisi kukosea: tununue kisahani gani?

Makala haya yanajibu sehemu ya swali hilo inayowapotezea wengi pesa, nayo ni uchaguzi wa draiva ya feawei, yaani kisahani cha kurushia masafa ya wastani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Ni wajibu wetu basi kuwaeleza wananchi hata michezo ambayo bado ni migeni kwao. Zaidi ya hayo, shilingi 6,000 za vijana si pesa za kufanyia majaribio.

MCHEZO WENYEWE KWA UFUPI

Gofu ya kisahani hufuata utaratibu wa gofu ya kawaida, ila mahali pa fimbo na mpira pana mkono na kisahani. Mchezaji huanzia sehemu iliyowekwa alama, hurusha, huenda pale kisahani kilipotua, kisha hurusha tena kutoka hapo mpaka kiingie kikapuni. Anayemaliza kwa mirusho michache zaidi ndiye mshindi. Uwanja huwa na vikapu 9 au 18.

Uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, nchini Marekani. Aliyeuasisi ni Ed Headrick, ambaye awali aliajiriwa na Wham-O, kampuni iliyouza visahani vya kuchezea vya Frisbee. Mwaka 1976 alianzisha PDGA, chama ambacho hadi leo kinasimamia kanuni za mchezo na kuidhinisha visahani vya mashindano.

Kisahani hiki si kile cha riadha ambacho walimu wetu wa michezo wanakifahamu. Cha riadha kina uzito wa kilo 2 kwa wanaume na kilo 1 kwa wanawake. Draiva ya gofu huwa na gramu 150 hadi 175 hivi, na huenda mbali kwa kuelea hewani, si kwa nguvu za mwili peke yake. Ndiyo maana msichana mwembamba anayerusha vizuri anaweza kumwacha nyuma mwanamume mwenye misuli anayerusha vibaya.

DRAIVA YA FEAWEI NI IPI?

Visahani vimegawanyika katika makundi manne. Puta ina ukingo mnene na butu, na hutumiwa karibu na kikapu. Kisahani cha kati ni cha masafa mafupi na hunyooka kwa urahisi. Draiva ya feawei ina ukingo mwembamba zaidi na huenda mbali kuliko hivyo viwili. Ya mwisho ni draiva ya masafa marefu, yenye ukingo mpana na mkali, inayohitaji mkono wenye kasi kubwa.

Ukingo ndio wenye siri. Mwaka 1983 kampuni ya Innova ya Marekani ilitoa kisahani kilichoitwa Eagle, ambacho ukingo wake ulikuwa umechongwa kwa mshazari ili kikate hewa badala ya kuisukuma. Draiva zote za leo zimefuata njia hiyo. Kadiri ukingo unavyokuwa mpana na mkali, ndivyo kisahani kinavyohitaji kurushwa kwa kasi zaidi ili kifanye kazi iliyokusudiwa.

Draiva ya feawei iko katikati. Mtu anayeanza anaweza kuishika bila taabu, kuiongoza, na kuona matunda ya mazoezi yake. Hata hivyo, draiva za feawei zenyewe hutofautiana sana, na hapo ndipo namba zinapohitajika.

NAMBA NNE NA MAANA YAKE

Visahani vingi huuzwa vikiwa na namba nne, ama zimechapishwa juu yake au zimeandikwa kwenye tangazo la muuzaji. Maelezo yafuatayo ni kwa mtu anayetumia mkono wa kulia na kurusha kwa kuupitisha mkono mbele ya kifua, kidole gumba kikiwa juu ya kisahani. Anayetumia mkono wa kushoto kwa mtindo huo ageuze pande: palipoandikwa kulia asome kushoto.

Namba ya kwanza ni kasi. Draiva nyingi za feawei ziko kati ya 6 na 9, na za masafa marefu huanzia 10 na kupanda. Namba hii haielezi kisahani kitafika wapi. Inaeleza ni kasi kiasi gani mrushaji anapaswa kukipa.

Namba ya pili ni kuelea, kwa kawaida kati ya 1 na 7. Kisahani chenye 5 au zaidi hukaa hewani vizuri hata kikirushwa polepole. Chenye 3 huwahi kushuka.

Namba ya tatu ni mgeuko, yaani jinsi kisahani kinavyoelekea kulia mwanzoni kikiwa bado na kasi. Huandikwa kwa alama ya kutoa: -1 ni mgeuko mdogo, -3 ni mkubwa, na 0 maana yake hakigeuki.

Namba ya nne ni mkunjo, yaani jinsi kisahani kinavyokata kona kwenda kushoto mwishoni, kasi inapopungua. 0 au 1 ni mkunjo mdogo. 3 au 4 ni mkunjo mkali.

Kisahani chenye mgeuko mdogo na mkunjo mkubwa tunaweza kukiita kaidi: usipokirusha kwa kasi kinachodai, hukimbilia kushoto na kuanguka. Chenye mgeuko mkubwa na mkunjo mdogo ni kitiifu. Kikirushwa na mkono wa polepole, hunyooka, huelea, na kutua mbele badala ya pembeni. Anayeanza anahitaji kitiifu.

Namba hizi hutolewa na watengenezaji wenyewe, na kila kampuni hupima kwa njia yake. Kwa hiyo 7 ya kampuni moja si lazima iwe sawasawa na 7 ya nyingine. Zichukue kama mwongozo, si kama kipimo cha mizani.

KOSA LA NAMBA KUBWA

Mwandishi wa makala haya alilipia somo hili kwa aibu. Binamu yangu aliyekuwa akija likizo kutoka Marekani aliniuliza aniletee kisahani gani. Nikamwambia aniletee kile kinachokwenda mbali kuliko vyote. Akaja na draiva ya masafa marefu yenye kasi 12 na mkunjo 3.

Jumamosi nzima nilirusha kisahani hicho uwanjani, na jumamosi nzima kilikata kona kushoto na kuingia kwenye ua wa jirani. Nilipoongeza nguvu, kilikata kona mapema zaidi, na jioni bega lilikuwa likiuma. Mtoto wa miaka kama 13 aliyekuwa akitazama aliomba kujaribu kisahani cha kati ambacho binamu yangu alikuwa amebaki nacho kwenye mkoba. Kilikwenda kikiwa kimenyooka na kupita pale changu kilipoishia.

Sababu yake inaeleweka. Watu wengi wanaoanza hurusha kati ya mita 45 na 75, kwa sababu mkono bado haujazoea kutoa kasi. Kisahani cha kasi 12 kikipewa kasi ndogo hakifiki hata kwenye hatua ya kugeuka. Huruka moja kwa moja hadi hatua ya mwisho, ile ya kukata kona na kushuka. Mrushaji hudhani hana nguvu, akaongeza nguvu badala ya kurekebisha mrusho, na baada ya wiki chache akauacha mchezo. Pesa zimekwenda na mchezaji amekwenda.

NYANDA ZA JUU NA HEWA NYEPESI

Jambo hili ni nadra kulikuta katika matangazo ya wauzaji, ilhali kwa sisi tunaoishi nyanda za juu lina uzito. Kisahani huelea na kugeuka kwa kusukumana na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, kisahani hugeuka kidogo, hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuelea, na kuwa kaidi zaidi.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Eldoret takriban mita 2,100, na Nyahururu zaidi ya mita 2,300. Katika mwinuko wa Eldoret, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa. Kisahani kinachonyooka vizuri kwenye ufuo wa Nyali kinaweza kukata kona kushoto mapema kikirushwa Eldoret na mtu yule yule.

Kwa hiyo ushauri unaotolewa kwa wachezaji wa nchi za tambarare unahitaji kusogezwa kidogo. Anayeanza pwani anaweza kuridhika na mgeuko wa -1. Anayeanza nyanda za juu atafute -2 au -3. Akipata kisahani ambacho wauzaji wanasema kinageuka kupita kiasi, asikikatae haraka, kwani huku kwetu kinaweza kunyooka.

UZITO, PLASTIKI NA RANGI

Uzito. Kanuni za PDGA haziruhusu kisahani kuzidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo. Ndiyo maana draiva nyingi, zenye kipenyo cha sentimita 21 hivi, huishia gramu 175. Kwa mtu mzima anayeanza, gramu 160 hadi 170 zinatosha. Kwa watoto wa shule na wenye mkono mwepesi, 150 au pungufu ni bora. Kisahani chepesi hupata kasi kwa urahisi na hugeuka kwa urahisi. Hasara yake ni kwamba upepo hukichezea, kwa hiyo kwenye sehemu zenye upepo mkali wa mchana, fanyeni mazoezi asubuhi.

Plastiki. Kuna ya kawaida na ya hali ya juu. Ya kawaida ni ya bei nafuu na hushikika vizuri, lakini huchubuka haraka ikigonga mawe na miti. Ya hali ya juu hudumu, ila aghalabu kisahani kile kile kikitengenezwa kwa plastiki hiyo huanza kikiwa kaidi zaidi. Kwa draiva ya kwanza, ya kawaida inafaa. Na hata kuchubuka kwake kuna faida, maana kadiri kinavyotumika ndivyo kisahani kinavyozidi kuwa kitiifu. Lakini kama uwanja wenu ni wa changarawe au una mawe mengi, kiwekeeni akiba ya kukibadilisha.

Rangi. Hili huonekana dogo mpaka mtu apoteze kisahani cha shilingi 1,300 kwenye nyasi. Kijani hupotea kwenye nyasi za kikuyu, na kahawia au rangi ya chungwa hupotea kwenye udongo mwekundu. Waridi kali au samawati nyangavu huonekana kwa urahisi. Andikeni jina la kikundi na namba ya simu upande wa ndani kwa kalamu isiyofutika.

MIFANO YA KUANGALIA

Majina yafuatayo ni mifano ya kusomea namba, si matangazo ya biashara.

Leopard ya Innova ina namba 6, 5, -2, 1. Kasi yake ni ndogo kwa draiva, inaelea vizuri, inageuka kiasi, na haikunji sana mwishoni. Kwa mtu anayenunua draiva moja pekee, namba hizi ndizo kigezo kizuri cha kulinganishia nyingine zote.

River ya Latitude 64, kampuni ya Uswidi, ina 7, 7, -1, 1. Huelea sana, na humfaa anayeanza katika maeneo ya chini. Diamond ya kampuni hiyo hiyo ina 8, 6, -3, 1 na hutengenezwa ikiwa nyepesi. Hiyo ni kasi kubwa kidogo, lakini mgeuko wa -3 unaisawazisha, hasa katika hewa nyepesi.

Linganisha na TeeBird ya Innova: 7, 5, 0, 2. Ni draiva inayoheshimiwa sana na wachezaji wazoefu kwa sababu haiyumbi. Lakini mgeuko wake ni 0, na mikononi mwa anayeanza katika nyanda za juu itakwenda kushoto kila mara. Firebird, yenye 9, 3, 0, 4, ni kaidi kabisa. Zote mbili ni draiva za feawei, na zote mbili si za kuanzia.

Kwa ufupi, tafuta draiva yenye kasi 6 au 7, kuelea 5 au zaidi, mgeuko -2 au -3, na mkunjo 1 au pungufu. Jina lililoandikwa juu yake si muhimu sana.

KABLA YA KUTUMA PESA

Nchini Marekani, kisahani cha plastiki ya kawaida huuzwa karibu dola 10, yaani takriban shilingi 1,300 kwa kiwango cha dola kilichozoeleka miaka ya karibuni. Kwa shilingi 6,000 za mfano wetu, visahani vitatu vitagharimu shilingi 3,900. Zinazobaki ni za usafirishaji na ushuru, nazo zinaweza kuisha zote. Zingatieni haya:

1. Muulizeni muuzaji bei ya jumla hadi mzigo ufike mikononi mwenu, ikiwa pamoja na usafirishaji, ushuru wa forodha na kodi ya VAT. Kama kuna ndugu au rafiki anayekuja kutoka ng'ambo, visahani vitatu havichukui nafasi kubwa kwenye begi.

2. Nunueni puta moja, kisahani cha kati kimoja, na draiva ya feawei moja. Baadhi ya kampuni huuza vitatu hivyo kama seti ya wanaoanza, kwa bei nafuu kuliko kimoja kimoja. Someni namba za draiva iliyo ndani ya seti kabla ya kulipa.

3. Msinunue draiva ya masafa marefu hata ikipunguzwa bei. Mtaihitaji siku draiva ya feawei itakapoanza kugeuka kulia kupita kiasi kwa sababu mkono umepata kasi. Siku hiyo haiji katika mwezi wa kwanza.

4. Msinunue kikapu mwanzoni. Tairi lililoning'inizwa kwenye tawi au pipa tupu linatosha kwa mazoezi. Baadaye fundi wa jua kali anayejua kuchomelea vyuma anaweza kutengeneza kikapu kwa kufuata vipimo.

5. Wekeni kumbukumbu ya manunuzi na risiti. Fedha za kikundi ni za wote, na mwanachama akiuliza, jibu liwe kwenye daftari.

JINSI YA KUJUA KAMA MMECHAGUA VIZURI

Simameni kwenye uwanja ulio wazi, asubuhi kabla ya upepo. Rusheni draiva mara 10 kwa nguvu ya wastani, ikiwa imelala sawa na ardhi, na mpime kwa hatua pale inapotua. Kisha rusheni kisahani cha kati mara 10 kwa namna hiyo hiyo.

Ikiwa draiva inapita kisahani cha kati kwa hatua kadhaa na haikimbilii pembeni, mmechagua vizuri. Ikiwa vyote viwili vinafika mahali pamoja, endeleeni na kisahani cha kati kwa wiki mbili tatu, maana mkono bado haujawa tayari. Ikiwa draiva inapanda juu, inasimama hewani kisha inaanguka kushoto, angalieni kwanza namna ya kurusha kabla ya kulaumu kisahani. Mara nyingi sehemu ya mbele ya kisahani huwa imeinuliwa wakati wa kukiachilia. Ishusheni kidogo na mjaribu tena.

USALAMA NI WA KILA MTU

Viwanja vyetu vya umma vinatumiwa na watu wengi. Kuna wanaocheza kandanda, wanafunzi wanaokata njia kwenda nyumbani, kina mama wanaotoka sokoni, na wakati mwingine ng'ombe. Draiva ina ukingo mgumu na inaweza kumjeruhi mtu usoni vibaya. Usirushe kama kuna mtu yeyote katika eneo ambalo kisahani kinaweza kufika, pembeni pia, kwa kuwa anayeanza hajui kitaelekea wapi. Kikienda vibaya, piga kelele kuonya. Watoto wadogo waanze na puta, ambayo ukingo wake ni butu.

Kabla ya kupanga ratiba ya mazoezi, zungumzeni na wanaosimamia uwanja. Katika uwanja wa shule, ruhusa ya mwalimu mkuu ni ya lazima. Katika uwanja wa umma, muoneni afisa wa michezo wa eneo lenu ili muda wenu usigongane na wa timu nyingine.

Tukirudi kwa vijana wetu 12: visahani vitatu havitoshi kwa kila mmoja kuwa na chake, lakini mchezo huu huchezwa kwa zamu. Wanaweza kugawanyika katika makundi matatu na kubadilishana. Muhimu ni kwamba wa 12 akifikiwa na zamu yake, ashike draiva itakayompa mrusho mmoja mzuri. Akiuona mrusho huo, jumamosi ijayo atarudi.